Kabla hujatuma difu nyumbani, hesabu meno ya shafti

Wengi wetu tuishio hapa Uingereza tumeshapigiwa simu ya namna hii: "Kaka, huko mliko ndiko Land Rover zilikozaliwa. Nitafutie difu." Nasi kwa kutaka kumfaa ndugu, tunakwenda kwenye yadi ya magari yaliyovunjwa, tunalipa na kupakia kwenye kontena. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi. Difu ilipofika Arusha fundi aliifunga kwenye ekseli, boliti zote zikakubali. Zilizokataa ni shafti.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya chesesi fupi, ile ya inchi 88. Difu yake ni ya 4.7, maana yake propela huzunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Mlimani lina nguvu, lakini kwenye lami injini hupiga kelele na gari halikimbii. Range Rover za zamani na Discovery za mwanzo zilitumia 3.54, na kichwa cha difu hiyo huingia kwenye ganda la Series bila kukata kitu. Ndiyo maana wenye Series wengi wanaitamani.

Tatizo liko ndani. Shafti za Series zina meno 10 upande unaoingia kwenye difu. Difu za zamani za Range Rover na Discovery nazo ni za meno 10, lakini nyingi za kuanzia 1994 ni za meno 24. Tuliyotuma sisi ilikuwa ya 24. Kuchukua shafti za Discovery si dawa, kwa kuwa ekseli yake ni pana na shafti zake ni ndefu mno. Hata za Series zenyewe hazilingani: difu haikukaa katikati ya ekseli, hivyo shafti ya nyuma kushoto ni ndefu na ya kulia ni fupi.

Fundi mmoja alishauri zikatwe na kuchomelewa. Ndugu msomaji, usikubali. Shafti ndiyo inayobeba nguvu yote ya kulisukuma gari, na mahali palipochomelewa ndipo itakapokatikia. Kumbuka pia kuwa breki ya mkono ya Series haishiki magurudumu, inashika propela nyuma ya gia boksi. Shafti moja ya nyuma ikikatika, difu huachia upande huo uzunguke bure, na gari lililoegeshwa mlimani huteremka lenyewe.

Fundi mwingine alitaka kufungua vichwa viwili, achukue kraunwili na pinioni za kimoja aziweke kwenye kingine. Hapo ndipo zinapoingia shimu, yaani zile pete nyembamba za chuma zinazowekwa kwenye beringi ya pinioni. Unene wake huchaguliwa kwa kila kichwa peke yake, kwa sehemu za mia za milimita. Shimu za difu hii hazifai kuhamishiwa ile kwa kukisia. Pinioni ikiingia ndani mno au ikitoka nje mno, meno hugusana pembeni, difu huanza kulia, na mwisho meno huliwa. Kazi hii inataka saa ya kupimia na rangi ya kupaka kwenye meno ili kuona yanapogusana. Gereji isiyo na vitu hivyo isikifungue kichwa, ikifunge kizima kama kilivyotoka kwenye gari.

Mwishowe tulitafuta vichwa viwili vya 3.54 vyenye meno 10. Viwili, kwa sababu cha mbele na cha nyuma lazima vilingane. Ukibadili cha nyuma peke yake, siku utakapotia gia ya magurudumu manne kwenye ardhi kavu, ekseli zitavutana mpaka kitu kivunjike. Tukamkumbusha ndugu yetu kuwa mita ya mwendo sasa inamdanganya: ikionyesha 60, anakwenda karibu 80, na breki zake ni zile zile.

Basi kabla ya kulipa, mwambie aliye nyumbani atoe shafti moja, ahesabu meno na akutumie picha. Nawe huku chungulia ndani ya difu kwa tochi, uhesabu. Ni kazi ya dakika chache. Kosa letu lilitugharimu nauli ya meli mara mbili.