Sauti ya Carmy Haijai Lala

Ka hujacheki series ya The Bear, ishia ucheki kwanza, ju hapa nitamwaga kila kitu. Wenye wameicheki wanajua Carmy Berzatto: chali wa Chicago, tishati nyeupe imemshika fiti, mikono imejaa tatuu, shefu mnoma ametoka kupikia wadosi New York. Msimu wa kwanza ukidondoka 2022, kila dem mtandaoni alikuwa anamkufia. Kwa Emmy nayo series iliwekwa upande wa vichekesho, na hadi wa leo natafuta pahali pa kucheka.

Carmy anarudi mtaa ju brathake Mikey amejitoa uhai, akamwachia duka ya sandwichi na deni ya dola 300,000 kwa Anko Jimmy. Mzigo ka hio lazima ikusumbue akili, hapo tuko pamoja. Kenye inanishtuanga ni venye jamaa anajibeba makosa yote. Sosi ikimwagika, ni yeye. Oda zikijam, ni yeye. Hata kifo ya Mikey ashajiekelea.

Kuna pahali wanaturudisha New York. Carmy ameinamia sahani, bosi amesimama karibu na sikio yake, anabonga polepole bila kelele. Anamshow hajui kazi, ako mosmos, hafai, afadhali hata angekuwa amededi. Carmy anaitikia tu, "Ndio, shefu." Akikuja kutoka hio jikoni, bosi alibaki New York, sauti ikapanda ndege na yeye.

Na si bosi pekee. Cheki ile episodi ya Krisi ya msimu wa pili. Mathe yao, Donna, anapika samaki aina saba akiwa amelewa, akiulizwa ka ako sawa anawaka, na usiku inaisha akiingiza gari ndani ya nyumba. Mtoi akikulia kwa keja ka hio anajifunza kujichapa mapema, kabla mwingine amuanze.

Msee wa saikolojia huko Uingereza, Paul Gilbert, na wenzake walichambua hii maneno ya kujisuta 2004, wakapata sauti iko design mbili. Moja inakushow hujatosha, jipange. Ingine inakuchukia tu, inadai uumie. Ngori ya Carmy ni hizo mbili zimechanganyika, so anaskia chuki anadhani ni kochi. Alipika mnoma akitukanwa, akaamini matusi ndio ilikuwa inapika.

Sasa kuja usiku wa kufungua restoranti yenye ilichukua nafasi ya ile duka ya sandwichi, mwisho wa msimu wa pili. Kishikio cha friji kubwa kilikuwa kimeharibika, hajakirekebisha, mlango unamfungia ndani. Hapo kwa baridi anaanza kujitukana: ameleta ujinga, amejiachilia, mapenzi imempotezea focus. Anadhani anabonga na Tina, mpishi wake. Kumbe mwenye ako nje ya mlango ni Claire, dem wake, anaskia kila kitu, anaishia akilia. Huku jikoni, Sydney na Richie wa timu yake wanatoa oda moja baada ya ingine na wateja wako fiti. Hio ndio kitu Carmy hajai meza: chakula ilitoka bila yeye kujichapa. Na mathe yake alikuwa nje ya restoranti usiku huohuo, akikataa kuingia, akidai hastahili. Damu ni damu.

2024, msimu wa tatu ukiisha, Carmy anapatana na bosi wa New York uso kwa uso. Anamshow amemwachia ndoto mbaya na kifua kubana, na anamfikiria kila saa. Jamaa hata hashtuki. Anadai alimfanya shefu mkali, na yeye hamfikirii hata kidogo. Maze, hapo niliposi nikatembea kwanza.

Halafu 2025, msimu wa nne, Carmy anaamua kutoka jikoni, awaachie Sydney, Richie na sistake Natalie. Mabeshte wangu wanadai hatimaye jamaa amepona. Mimi siingii hio boksi. Nacheki venye Sydney anawaka akipata hio rada, naona sauti imebadilisha laini tu: zamani ilikuwa inamshow hafai mpaka apike poa, saa hii inamshow watakuwa sawa akiishia. Sydney hakuwa ameomba kuachiwa restoranti. Alitaka msee wa kupika na yeye.