Je, Wajua? Mchoro Unang'aa, Mbale Iko Wapi?

Mchimbaji wa Geita akiokota jiwe linalong'aa, hashangilii. Hulipasua, akalisaga, akaliosha, ndipo aseme kama ni mbale, yaani mwamba wenye dhahabu. Leo safu hii inazifanyia hivyohivyo manga, yaani katuni za Kijapani, hasa zile ambazo ukifungua ukurasa unaduwaa, ukifunga kitabu hukumbuki nani alikuwa nani. Tushuke duarani, yaani shimoni.

1. Je, wajua kwamba mng'ao wa kwanza kuuona kwenye mwamba wa Geita mara nyingi si wa dhahabu? Ni wa pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya shaba. Dhahabu yenyewe huwa chembe ndogo, nyingine hazionekani kwa macho. Lakini usiitupe pairaiti haraka, maana kwenye mwamba huu viwili hivyo hupenda kukaa jirani. Mchoro mzuri nao ni hivyo: hauthibitishi kwamba hadithi ipo, wala kwamba haipo.

2. Je, wajua kwamba kitabu maarufu kabisa cha zamani chenye neno "manga" katika jina lake hakina hadithi hata moja? Katsushika Hokusai alitoa juzuu ya kwanza ya *Hokusai Manga* mwaka 1814: wapigana mieleka, samaki, vizuka, watu wakioga. Juzuu zilifika 15, na ya mwisho ilitoka 1878, miaka 29 baada ya mwenyewe kufariki. Hakuna aliyelalamika. Hadithi haikuahidiwa, kwa hiyo hakuna aliyeidai.

3. Je, wajua kwamba huku Usukumani kulikuwa na picha za ukutani ambazo hadithi yake ilikaa mdomoni? Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, walichora kuta za ndani za nyumba zao za mafunzo. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi na serikali ya kikoloni, alizikusanya na kuzichapisha katika kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Mgeni akiingia huona nyoka na watu. Aliyefundwa huona somo, na wimbo wake anaujua.

4. Je, wajua kwamba manga nyingi huuawa na kura? Jarida la *Weekly Shonen Jump*, lililoanza 1968, liliwapa wasomaji kadi za posta za kutaja hadithi walizozipenda. Zinazoburuta mkia huondolewa, wakati mwingine baada ya miezi michache tu. Katikati ya miaka ya 1990 jarida hilo lilifikisha nakala zaidi ya milioni 6.5 kwa toleo moja. Mtunzi anayeogopa kura ya wiki hii hana nafasi ya kupanda mbegu itakayoota mwakani.

5. Je, wajua kwamba Bagika na Bagalu walizijua kura hizo kabla ya kadi za posta? Vyama hivi viwili vya ngoma vya Wasukuma hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Ndiyo maana wachezaji huja na vituko: nyoka, vinyago, mavazi ya ajabu. Kituko humvuta mtu atoke upande wa pili. Kinachomzuia asirudi ni ngoma yenyewe.

6. Je, wajua kwamba ukurasa wa manga mara nyingi si wa mkono mmoja? Mchoraji anayetoa kurasa karibu 20 kila wiki huwa na wasaidizi: huyu anachora majengo, yule anajaza wino, mwingine anabandika vivuli. Kwenye duara nako kuna mchimbaji, mvuta kamba na msagaji. Ila shida iko hapa: kazi ya kuchora inagawanyika, kazi ya kuwaza haigawanyiki kirahisi. Saa zikiisha, majengo yatakuwa yamekamilika na hadithi itakuwa bado mbichi.

7. Je, wajua kwamba *Bleach* ya Tite Kubo ilidumu tangu 2001 hadi 2016 na kujaza juzuu 74? Hata wanaoilaumu hukiri kwamba kwa mavazi, panga na mpangilio wa weusi na weupe, Kubo ana mkono wa peke yake. Lawama za wasomaji wengi huangukia sehemu za mwisho: wahusika wapya kila kukicha, mapigano juu ya mapigano. Si kwamba mbale haikuwapo. Ilikuwa juu, na duara likaendelea kuchimbwa.

8. Je, wajua kwamba yupo mchoraji aliyeamua kunyamaza kwa makusudi? Tsutomu Nihei alifanya kazi za ujenzi kabla ya kuchora *BLAME!* (1997 hadi 2003). Ndani yake mna jiji lisilo na mwisho, ngazi zisizofika popote, na kurasa nyingi zisizo na neno hata moja. Wengine husema haina hadithi. Wengine husema jiji ndilo hadithi. Aliyewahi kusimama mdomoni mwa shimo refu akachungulia chini anawaelewa wote wawili.

9. Je, wajua kwamba moja ya manga zilizopendwa sana karne hii ilianza na michoro ya kitoto? Mtunzi anayejiita ONE alianza kuiweka *One-Punch Man* mtandaoni mwaka 2009: vichwa kama mayai, mikono kama vijiti. Wasomaji walimiminika. Yusuke Murata, fundi wa kalamu, akamwomba ruhusa ya kuichora upya, na toleo lake likaanza 2012. Uzuri ulikuja kuvishwa juu ya hadithi iliyokwisha kusimama kwa miguu yake.

10. Je, wajua kwamba almasi ghafi ukiiokota unaweza kudhani ni kipande cha chupa? Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. John Williamson, mwenye mgodi, akaitoa zawadi ya harusi kwa Princess Elizabeth wa Uingereza. Baada ya kukatwa zikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilipotea, na hapo ndipo ikaitwa kito. Hadithi nyingi dhaifu hazikukosa kitu. Zilikosa wa kuzikata.

11. Je, wajua kwamba dawa ya zamani ya mchoro mzuri wenye hadithi dhaifu ni ndoa ya watu wawili? *Death Note*, iliyoanza 2003, ilitungwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata. Ohba ni jina la kalamu, na mwenyewe hajajitokeza hadharani kujitambulisha. Karibu na kwetu, Barly Baruti, mchoraji mzaliwa wa Kisangani, aliungana na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie kutoa *Madame Livingstone* mwaka 2014, hadithi ya vita vya kwanza vya dunia katika Ziwa Tanganyika. Meli inayowindwa humo ni Graf von Götzen. Wewe unaijua kwa jina la Liemba.

12. Je, wajua kwamba wengine huazima hadithi kabisa? Takehiko Inoue alianza *Vagabond* mwaka 1998 akitumia riwaya ya *Musashi* ya Eiji Yoshikawa, iliyotoka gazetini miaka ya 1930. Kurasa zake nyingine amezichora kwa brashi, na wapo wanaosema hajatokea wa kumfikia. Tangu 2015 kazi hiyo imesimama. Ramani ya mwamba alikuwa nayo, na bado njia ilikuwa ngumu.

13. Je, wajua kwamba jina la *Sani*, gazeti la katuni lililosomwa hadi likachanika Tanzania nzima, limetokana na majina ya watu wawili? Ni Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo: Sa na Ni. Miongoni mwa wachoraji wake alikuwa Philip Ndunguru, aliyewapa Watanzania Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Ndunguru alifariki 1986 akiwa bado kijana, lakini wahusika wake hawakuzikwa naye. Wachoraji wengine waliwachukua wakaendelea nao. Mkono ulibadilika, na msomaji aliendelea kumfuata Ndumilakuwili, maana tabia yake ilishakuwa mtaani.

14. Je, wajua kwamba Ali Masoud alijijengea jina kwa panya mdogo? Kipanya wake hahitaji misuli iliyochorwa mshipa kwa mshipa. Anasimama pembeni, anatazama wakubwa, anasema neno moja. Tanzania nzima inacheka, halafu inanyamaza.

15. Je, wajua kwamba sauti inaweza kuiokoa picha? Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, alizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akieleza, akitania, akiongeza yake. Kanda zake zilijaza vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za video. Watu waliketi kwenye benchi la mbao, jasho likiwatoka, na wengi walifuata sauti kuliko sinema. Walichokifanya Bayeye kwa wimbo, Lufufu alikifanya kwa kipaza sauti.

16. Je, wajua kwamba mama yako ni mhakiki wa sanaa? Mwangalie sokoni Kahama akichagua kanga. Atasifu pindo, atapapasa kitambaa, atarudi nyuma aone mji unavyokaa. Kisha atauliza: "Imeandikwaje?" Jina likiwa butu, au likiwa la kumgombanisha na jirani, harudi nayo nyumbani, hata iwe na maua ya peponi.

17. Je, wajua kipimo cha bure? Mchukue rafiki ambaye hajakiona kitabu, umsimulie bila kumwonyesha picha. Akikukatiza na "ehee, ikawaje?", kuna mbale. Akitazama simu yake, ulikuwa umebeba pairaiti.

18. Je, wajua, mwisho, kwamba mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni hautupwi? Zebaki inayotumika kunasa dhahabu huacha nyingi nyuma, kwa hiyo mchanga huo, uitwao marudio, huuzwa tena, ukapelekwa kwenye mitambo ya sayanidi, na wapo waliojenga nyumba kwa mchanga ambao wenzao waliuona umekwisha. Basi manga yenye picha nzuri na hadithi kiduchu usiichome. Mpe kijana anayechora nyuma ya daftari la hesabu. Hataisoma. Atatazama jinsi kidole kinavyoshika upanga, jinsi mvua inavyoanguka kwa mistari, naye ana hadithi ya kwao Nyarugusu inayosubiri mkono.