Friza inajaa barafu na kumwaga maji? Kagua haya kabla hujamwita fundi

Wadau, leo ni zamu ya mnaouza vitu vya kugandisha kutoka nyumbani: samaki, kuku wa vipande, sambusa, juisi, aiskrimu za vifuko. Duka lako liko kwenye simu, ila ghala lako ni friza. Likigoma, mtaji wote unanuka ndani ya siku mbili.

Wengi wakiona barafu nene ukutani wanafurahi, wanasema friza yangu ina nguvu. Ni kinyume chake. Barafu hiyo ni kama blanketi. Baridi inatoka kwenye mabomba yaliyofichwa ukutani, inakwama humo, haifikii mzigo. Kompresa inanguruma bila kupumzika, uniti za LUKU zinakimbia, na samaki wa juu bado ni laini. Ikifikia unene wa nusu sentimita, iyeyushe.

Inatoka wapi? Ni unyevu wa hewa. Kila ukifunua, hewa ya joto inaingia na maji yake, yanaganda. Dar, Tanga au Zanzibar hewa yenyewe imejaa maji, hasa masika. Sasa jiulize unafungua mara ngapi kwa siku: oda ikiingia unafungua, mteja akitaka picha unafungua, boda akifika unafungua tena. Piga picha za mzigo siku unapoupakia. Andika kwenye karatasi kilichomo na kilipo, uibandike juu ya mfuniko. Oda za siku zitoe kwa mkupuo mmoja. Juisi ipoe kwanza, samaki wachuje maji, na kila kitu kifungwe vizuri.

Kama unafungua kwa nadra na barafu bado inajaa, basi shuku mpira wa mlango. Chukua noti, ifunge mlangoni nusu nje nusu ndani, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, hapo hewa inapita. Zungusha hivyo mlango mzima. Mara nyingi mpira ni mchafu tu: mafuta ya samaki, ukoko wa juisi. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe. Ukiwa umejikunja, ukande kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, uunyooshe na vidole, funga. Umepasuka? Nunua mwingine, nenda na vipimo.

Kuyeyusha ndipo watu wanapoua friza zao. Kisu, bisibisi, patasi, vyote weka mbali! Ukitoboa ukuta umetoboa bomba la gesi, na kwa friza za kulala mabomba yamezikwa ndani ya sponji, kuyaziba ni kazi kubwa na wakati mwingine haiwezekani. Chagua siku mzigo umepungua. Chomoa waya kwenye soketi. Panga bidhaa kwenye deli, zikiwa zimebanana, funika na blanketi zito. Weka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza, juu ya kitambaa kilichokunjwa, funga mlango dakika 15 hivi, badilisha maji, rudia. Barafu itaachia yenyewe. Futa, kausha kabisa, washa, na subiri ipate baridi ndipo urudishe mzigo. Kilichobaki kigumu au chenye chembe za barafu kirudishe. Nyama au samaki aliyelainika kabisa lakini bado ana ubaridi wa friji, mpike leo. Aliyekaa kwenye joto zaidi ya saa 2, usimuuze wala usimpike.

Maji sakafuni nayo yana sababu zake. Friza ya kulala ina kizibo cha kutolea maji chini. Kagua kama kimekaza. Friji ya milango miwili ina kitundu ukutani nyuma, upande wa chini, kinachopeleka maji kwenye trei iliyo karibu na kompresa, ambako joto huyakausha. Kitundu kikiziba kwa uchafu, maji yanafurika ndani. Kizibue kwa mrija laini wa plastiki, halafu sukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano. Hapo kikishapitisha maji lakini sakafu bado inalowa, angalia trei: huenda imepasuka au imesogea.

Zile zilizoandikwa No Frost zina tabia yake. Ukiyeyusha kabisa, ikafanya kazi vizuri siku kadhaa, kisha barafu ikarudi nyuma ya ule ukuta wa ndani, shida ni hita ya kuyeyushia, sensa au taima. Hiyo ni kazi ya fundi. Mwambie hivyo hivyo, maana wengine jibu lao ni moja: "Gesi imeisha."

Gesi ya friji si ya jiko, haitumiki ikaisha. Inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa. Dalili ya kupungua ni barafu kushika kipande kimoja tu cha ukuta na kwingine pakavu, huku kompresa haizimi. Hata hapo, kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta uvujaji anakuuzia muda mfupi tu. Akuoneshe kwanza panapovuja, aunge, ndipo ajaze. Na kama kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, hiyo gesi inashika moto: madirisha wazi, jiko lizimwe, na fundi awe anayeijua.