Motokaa Inayovuta Hewa kwa Siri

Je, umepata kukaa ndani ya Noah pale Ruaha Mbuyuni, ikingoja abiria wajae, ukasikia injini yake ikipanda na kushuka kama mtu anayehema? Mara yalia juu, mara yataka kuzimika. Dereva akanyaga mafuta kidogo, nayo yatulia. Aachia, yaanza tena. Hapo mwenye motokaa huambiwa anunue plagi. Akinunua plagi, huambiwa koili. Akinunua koili, huambiwa pampu ya mafuta. Fedha ya vitunguu yote yamalizika, na motokaa ingali inahema vilevile.

Yafaa basi ujue kwamba mara nyingi ugonjwa huo ni mpira mmoja tu uliopasuka.

Sikiliza jinsi ilivyo. Injini ya petroli huvuta hewa kama mtu anavyovuta maji kwa mrija. Dereva asipokanyaga mafuta, mlango wa hewa huwa karibu kufungwa kabisa, lakini pistoni zaendelea kuvuta. Ndiyo sababu nyuma ya mlango huo hewa huwa haba, na nguvu ya kufyonza huwa kubwa. Hapo pameungwa mipira kadhaa. Mmoja hurudisha mvuke wa oili, mingine midogo huenda kwenye vifaa vinavyopima hewa, na mmoja mnene huenda kwenye breki. Mpira ukipasuka, hewa huingia kwa siri. Petroli haitoshi tena kwa hewa hiyo, na moto ndani ya silinda huwaka vibaya. Katika injini nyingine dalili ni kinyume: mngurumo wapanda juu na hautaki kushuka. (Injini ya dizeli haina mvuto wa namna hiyo, breki zake hutumia pampu yake maalumu.)

Noah za zamani, zile zilizoanza kutengenezwa Japani mwaka 1996, zina injini chini ya viti vya mbele. Jina lake ni la Nuhu, na wapakiaji wetu hawakusahau safina! Injini hiyo iliyofunikwa hupata joto jingi, hasa katika bonde hili la mibuyu lenye jua kali, tena baada ya kupanda Kitonga kwa gia ndogo na mzigo mzito. Mpira uliokaa katika joto hilo miaka 20 na zaidi hukauka, huwa mgumu kama ngozi ya ngoma, kisha hupasuka, hasa penye klipu au penye kona.

Haya, tuutafute. Simamisha motokaa mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka jiwe kwenye gurudumu, ondoa gia. Inua kiti, washa injini. Kanga na mikono mirefu ya shati viwe mbali na mikanda inayozunguka. Kwanza tumia sikio. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, weka ncha moja sikioni, na nyingine ipitishe polepole kando ya kila mpira. Penye tundu utasikia mluzi mwembamba, kama nyoka aliyekasirika.

Usiposikia kitu, chukua koleo, lizungushie kitambaa, ubane mpira mmoja mmoja kwa upole. Ukibana mmoja na injini ikatulia ghafula, ujue hewa yaingia upande wa mbele wa hapo ulipobana. Kwenye maungio ya injini, pale penye gasketi, nyunyizia maji kidogo, ukiepuka nyaya za umeme. Maji yakifyonzwa, mngurumo hubadilika. Wako mafundi wanaonyunyizia petroli kwa kazi hiyo. Usikubali hata kidogo! Injini ni ya moto, tena iko chini ya viti; motokaa nzima itateketea.

Fundi mwenye geji ya kupima mvuto atamaliza kazi upesi zaidi, ila akumbuke mahali alipo. Injini nzima kabisa inayoonyesha inchi 19 za zebaki Dar es Salaam, ikifika Iringa, mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, itaonyesha kama 14 tu, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Asiihukumu bure.

Sasa turudi kwenye ule mpira mnene, maana hapo si suala la fedha tena. Mpira huo huenda kwenye kopo kubwa la duara, upana wake kama sahani, linaloitwa busta ya breki. Ndani yake mna utando wa mpira. Dereva akikanyaga breki, hewa huingia upande mmoja, na mvuto wa injini uko upande wa pili. Hivyo utando husukumwa na kuuongezea mguu nguvu. Mvuto ukipotea, breki bado zipo, lakini huwa ngumu mno, na dereva lazima akanyage kwa nguvu za mwili wake wote. Uwanjani hutaona tofauti kubwa. Katika kona za Kitonga, na watu tele ndani, utaiona. Kadhalika dereva anayezima injini mteremkoni ili kubana petroli, amejinyima mvuto kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya kukanyaga mara mbili tatu, akiba iliyomo katika kopo yaisha.

Wako pia mafundi wa haraka wanaoziba mpira huo kwa bolti. Injini yatulia, mwenye motokaa afurahi, alipa. Kumbe ameuziwa motokaa isiyo na msaada wa breki! Baba mwenye Noah, ukiona bolti kwenye mpira wa breki, usimruhusu mtu kupanda. Nunua mpira mnene uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Mpira wa kumwagilia bustani hujibana ukifyonzwa, na kamba ya mpira wa baiskeli haidumu katika joto. Ikiwa ni mpira mwingine, mrefu wa kutosha, na umepasuka nchani tu, kata ncha na urudishe klipu. Hutatoa hata senti.

Kupima busta ni rahisi, hata abiria aweza kumwomba dereva afanye hivyo. Injini izimwe, breki ikanyagwe mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Kisha, mguu ukiwa bado juu yake, injini iwashwe. Breki ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, au kukisikika mluzi miguuni pa dereva, safari ingoje. Kwa wanaotoka Iringa, mahali pazuri pa kufanya hivyo ni Ilula, kabla mteremko haujaanza.