Friji Haitengenezi Baridi
(Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Nina swali moja kwenu. Je, friji iliyoko pale dukani hutengeneza baridi? Wengi watajibu ndiyo. Mimi pia nilijibu hivyo darasani, na mwalimu wetu wa fizikia akaniambia niende nikaguse mgongo wa friji. Jioni nikapitia dukani, nikaomba ruhusa, nikagusa. Kumbe kuna joto! Soda za ndani baridi, nyuma moto.

Ukweli ni kwamba friji huchota joto lililo ndani na kulitupa nje. Mashine inayofanya kazi hiyo huitwa pampu ya joto.

Sisi watu wa Bura tunaweza kulielewa jambo hili upesi. Maji ya milimani hutiririka yenyewe mpaka huku chini, lakini hayapandi mlima yenyewe. Ukitaka yapande, lazima utie pampu, na pampu hiyo haitengenezi maji, huyahamisha tu. Joto nalo ni vivyo hivyo. Lenyewe hutoka penye moto kwenda penye baridi, ndiyo maana chai hupoa. Kulirudisha ndiko kunakohitaji mashine.

Mashine hii hutumia mambo mawili tunayoyajua. Kwanza, kitu cha majimaji kikigeuka kuwa mvuke hubeba joto. Kumbuka spiriti unayopakwa kabla ya kudungwa sindano, ngozi husikia baridi papo hapo. Pili, gesi ikishindiliwa hupata moto. Ukijaza upepo kwenye baiskeli kwa nguvu, shika pampu uone. Basi ndani ya mabomba ya friji huzunguka umajimaji maalumu. Ukipita ndani ya friji hugeuka gesi na kubeba joto. Kompresa huishindilia gesi hiyo, ikawa moto, na huko nyuma ikaliachilia lile joto na kuwa majimaji tena. Kisha safari huanza upya.

Viyoyozi vya Mombasa hufanya kazi kwa njia iyo hiyo. Lakini kuna vile vinavyoweza kugeuza safari: joto la nje likaingizwa ndani. Utauliza, "Nje kuna baridi, joto litatoka wapi?" Hata hewa ya baridi ina joto, kama vile friji inavyoweza kuchota joto kwenye maji ambayo tayari ni baridi. Watu wa Norway na Sweden, penye theluji, hupasha nyumba zao joto namna hii.

Faida yake kubwa ni matumizi madogo ya umeme. Hita ya kawaida ya waya ikila yuniti moja ya umeme, hutoa joto la yuniti moja, basi. Pampu ya joto ikila yuniti moja inaweza kuleta joto la yuniti tatu, kwa sababu mbili imezichota hewani bure. Faida ya pili, mashine moja hupoza na kupasha. Ya tatu, haiwashi moto ndani ya nyumba.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Hapa kwetu kuna joto, lakini milimani ni mambo mengine. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari, na kilele cha Vuria kina mita 2,208. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6 hivi. Julai mwaka jana tulilala kwa nyanya, karibu na Wundanyi. Kwa ajili ya baridi tukaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Usiku mdogo wangu akaanza kutapika, nami kichwa kinaniuma na miguu haina nguvu. Bahati nzuri mjomba aliamka akafungua mlango. Makaa yakiwaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wengine hulala wasiamke.

Je, sote tukimbilie kununua pampu za joto? La hasha! Bei yake si ya mkulima wa kawaida, na umeme ukipotea mashine husimama. Tena baadhi ya gesi zake zikivuja huongeza joto la dunia. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza. Kwa maoni yangu, zianze penye haja kubwa, kama vile kuchemsha maji ya kuoga katika hospitali na mabweni, mahali ambapo kuni huteketea kila siku. Umeme wetu wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, kwa hiyo tutakuwa tumeiokoa miti pia.

Nyumbani tuanze na nyumba yenyewe. Huku chini, tutie dari chini ya mabati, tuyapake mabati rangi nyeupe, tupande miti ya kivuli. Kule juu, tuzibe nyufa na tuongeze mablanketi, lakini jiko la makaa libaki nje. Kinga ni bora kuliko tiba.

Rafiki yangu mmoja alicheka aliposikia ninaandika fizikia kwa Kiswahili, ati haiwezekani. Nyanya hajui Kiingereza. Nilipomweleza habari za makaa kwa Kiswahili, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, jiko halitalala tena humu." Na halijalala.