Uwanja Ule, Siyo Huu: Utangulizi

Somo tunalolifungua hapa linahusu jambo ambalo wengi hudhani haliwezekani: rubani mzoefu, katika ndege isiyo na hitilafu yoyote, anatua kwenye uwanja ambao sio aliokuwa akiuendea. Huhitaji kuwa umewahi kurusha ndege ili ulielewe.

Tuanze na msingi. Njia ya kurukia ni ule ukanda, kwa kawaida wa lami, ambao ndege hutumia kuruka na kutua. Namba yake hutokana na dira, kwa kugawanya nyuzi za mwelekeo kwa kumi. Ukitua ukielekea mashariki, nyuzi 90, njia ni 09. Ukiitumia kuelekea magharibi, nyuzi 270, ni 27. Pengine unajiuliza: je, namba hiyo haitoshi kuutambulisha uwanja? Haitoshi, kwani inataja mwelekeo, si mahali. Tena ndege hutua zikikabili upepo, hivyo viwanja jirani vyenye upepo mmoja mara nyingi huelekea upande mmoja.

Mkoani Kilimanjaro upo uwanja wa kimataifa wenye njia 09/27, urefu wake zaidi ya mita 3,500. Kilomita zipatazo 50 magharibi, uwanja mdogo wa Arusha nao una 09/27, ambayo mwaka 2013 ilikuwa na takribani mita 1,600 tu. Tarehe 18 Desemba mwaka huo, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua Arusha, ikapitiliza lami na kusimama nyasini. Abiria wote walisalimika.

Sasa tuingie ndani zaidi. Rubani anaweza kutua kwa vyombo, yaani kwa kufuata mawimbi ya redio yanayomwongoza hadi kwenye njia, au kutua kwa kuona, yaani kwa kutegemea macho yake. Hatari hukua macho yanapoachwa peke yake, kwa sababu ya kile tunachokiita upendeleo wa matarajio: mwelekeo wa akili kukiona inachokitarajia. Usiku wa tarehe 12 Januari 2014, marubani wa Boeing 737 ya shirika la ndege la Southwest iliyokuwa ikienda Branson, Missouri, nchini Marekani, waliona taa za uwanja mdogo wa jirani, wakaamini wamefika. Walitua kwenye njia ya mita zipatazo 1,140, wakafunga breki kwa nguvu, ndege ikasimama karibu na mwisho wa lami.

Kinga dhidi ya kosa hili ni nidhamu: hata anga likiwa jeupe, rubani alinganishe anachokiona na kile vyombo vinachosema, na mwenzake ahakiki umbali uliobaki. Nawe, utakaposikia habari ya namna hii, usikimbilie kuuliza nani mzembe. Uliza kwanza marubani walitarajia kuona nini, na ni chombo gani kingewaambia vinginevyo. Hapo utakuwa umeanza kulisoma somo hili.