Chatu wa Kufugwa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Fedha

Katika Usukuma chatu si mgeni. Wanachama wa Bayeye, chama cha wacheza ngoma za nyoka ambao pia hujulikana kwa tiba ya kuumwa na nyoka, wamekuwa wakimchezesha uwanjani tangu enzi za mababu, na msimu wa ngoma unapofika baada ya mavuno watu husafiri kutoka mbali kwenda kuwatazama. Ujuzi huo hurithishwa. Anayemshika chatu uwanjani amefundishwa kwa miaka na wakubwa zake namna ya kumbeba, wapi pa kuweka mkono na lini amwache.

Jambo geni ni mteja wa aina nyingine kabisa. Huyu ameona kwenye simu picha za vijana wa Ulaya na Marekani wakiwa na chatu mdogo shingoni, mpole, mwenye madoa ya kupendeza, naye akatamani kuwa na wake chumbani. Au ni mchimbaji mdogo wa Katoro, Rwamgasa au Kahama, ambaye ameambiwa kwamba chatu akilala ndani, dhahabu itaonekana duarani. Wote wawili huombwa fedha taslimu, na wote wawili hawapewi risiti. Sura hii inawahusu hao.

Kwa lugha ya kitabu hiki, mlaji ni mtu anayenunua bidhaa au huduma. Msomaji atuwie radhi ikiwa katika kurasa hizi mlaji mwingine, yule amezaye bila kutafuna, atajitokeza mara kwa mara.

Nyoka wa kwenye picha siye nyoka wa kwenye gunia

Chatu anayefugwa majumbani ughaibuni kwa kawaida ni Python regius. Wengine humwita chatu wa kifalme. Jina lake la Kiingereza limetokana na tabia yake ya kujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati anapoogopa. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegal, yanapita katika nchi za Afrika Magharibi na ya Kati, na kuishia upande wa Uganda na Sudan Kusini. Tanzania haimo. Mkubwa wao huwa na urefu wa kati ya sentimeta 90 na 150 hivi. Ghana, Togo na Benin zimewauza kwa wingi nje ya nchi, na Ulaya na Marekani wamo wafugaji wanaowazalisha wenyewe kwa rangi mbalimbali.

Chatu wa kwetu ni mwingine. Huyu wa mapango, magugu ya mtoni na ngitili za Shinyanga ni chatu mkubwa wa Afrika, ambaye hupita mita 3, na wapo wanaofika mita 4 au 5. Akikua humeza mbuzi. Kifaranga wake hutoka yaini akiwa na nusu mita au zaidi kidogo, ana rangi nzuri, na hutosha kwenye ndoo. Hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Muuzaji humwonesha mteja picha ya Python regius, kisha humpa mtoto wa chatu mkubwa aliyekamatwa porini juzi. Miezi kadhaa ikipita, nyoka ni mrefu kuliko meza, ana njaa, na muuzaji hapokei simu.

Kwa hiyo mtu anayeuziwa chatu kwa siri katika mikoa hii afahamu kwamba karibu kila mara anauziwa mnyama wa porini wa hapa hapa, hata kama jina alilopewa ni la kigeni. Alama moja husaidia: utosini mwa chatu mkubwa wa Afrika pana umbo jeusi kama ncha ya mkuki, lililozungukwa na mistari ya rangi hafifu. Hata hivyo, alama hii isitumiwe kama sababu ya kumsogelea. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, naye ni mnene, mfupi na mwenye mapambo mgongoni, na katika giza la gunia wanunuzi na hata baadhi ya wauzaji humdhania kuwa mtoto wa chatu. Chatu hana sumu. Moma anayo, na huua. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali mara moja.

Upole wa chatu mdogo nao usichukuliwe kuwa dhamana ya baadaye. Mwezi Agosti mwaka 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu mkubwa wa Afrika alitoroka kutoka kwenye makazi yake ndani ya nyumba na kuwaua watoto wawili ndugu, wenye umri wa miaka 4 na 6, wakiwa usingizini. Mwaka 2017 nchini Uingereza, mfugaji mtu mzima, mzoefu, aliuawa na chatu wa aina hiyo hiyo aliyekuwa na urefu wa mita 2 na nusu hivi, nyoka ambaye alimlea mwenyewe. Marekani ilikwisha kupiga marufuku kuwaingiza chatu wakubwa wa Afrika tangu mwaka 2012. Nyumba zilizotajwa zilikuwa na milango ya kufungika na vizimba. Chumba cha mabati kambini, chenye upenyo chini ya mlango na watoto wanne kitandani, kinahitaji kufikiriwa upya kabla nyoka hajaingia.

Sheria inasemaje

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Huwezi kumkamata, kumnunua, kumsafirisha wala kumweka chatu bila kibali halali. Wengi hushangaa wanapoelezwa kwamba katika sheria hiyo neno nyara halimaanishi ngozi na pembe tu; humaanisha pia mnyama aliye hai. Kupatikana na nyara za Serikali bila kibali ni kosa ambalo hushtakiwa kama uhujumu uchumi, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mingi. Anayesema «mimi nilinunua tu, sikukamata» hajajitetea, amekiri.

Kuleta Python regius kutoka nje nako si njia ya mkato. Chatu wote wamo katika viambatisho vya mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kila anayevuka mpaka lazima awe na vibali, pamoja na hati za afya ya mnyama. Tanzania yenyewe ilisitisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Anayedai kwamba ana mtu wa kumpitishia nyoka mpakani anamwalika mteja katika kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Upo upande wa fedha ambao walaji huusahau. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu aina, ubora na asili ya bidhaa, na aliyeuziwa redio mbovu anayo haki ya kulalamika. Lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyatambui mapatano ambayo lengo lake ni haramu. Aliyelipia chatu bila kibali akapewa nyoka mwingine, au asipewe kitu, hana mkataba wa kupeleka mbele ya mtu yeyote. Muuzaji anafahamu hilo vizuri. Ndiyo sababu biashara hii huwavutia matapeli kuliko biashara ya kuku.

Kuhusu chatu wa utajiri, maneno machache yanatosha. Noti hutolewa na Benki Kuu, hazitapikwi na nyoka. Anayekuonesha noti ndani ya sanduku la nyoka aliziweka mwenyewe, na malipo ya «kumlisha» yataongezeka kila wiki hadi mfuko wako ukauke. Tena anayejua mnyama afichuaye dhahabu angechimba yeye.

Matunzo yanayostahili

Pamoja na hayo, wapo wanaofuga kihalali: bustani za wanyama zenye vibali, vyuo, na ndugu zetu walioko ughaibuni katika nchi ambazo Python regius huuzwa dukani kwa risiti. Maelezo yafuatayo ni yao. Ni yako pia, msomaji wa Shinyanga, unapolipa kiingilio kutazama nyoka katika bustani na ukataka kujua kama anatunzwa au anateswa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze bila kumtesa, na nyoka hajaachwa nje.

Python regius mkubwa huhitaji kizimba chenye urefu wa sentimeta 120 hivi, upana wa 60 na kimo kisichopungua hapo sana, chenye mfuniko wa kufungwa kwa kitasa. Nyoka hatoi joto lake mwenyewe, bali huhama kutoka penye joto kwenda penye ubaridi kadiri mwili unavyotaka. Kwa sababu hiyo kizimba lazima kiwe na pande mbili, mmoja wa nyuzi 31 hadi 33 na mwingine wa nyuzi 24 hadi 27, na kila upande uwe na pango dogo la kujifichia, linalombana kidogo. Nyoka asiye na pa kujificha hukaa katika hofu, na mwenye hofu hali. Chombo cha kupasha joto kiwe na kidhibiti, na kisiguswe na nyoka, kwani huungua polepole bila kujiondoa.

Wapo wanaosema Shinyanga ni joto, nyoka hahitaji taa. Mchana wa Oktoba chini ya bati chumba huweza kuwa tanuri, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka hadi nyuzi 15 au 16. Porini nyoka angeingia shimoni na kuikwepa hali zote mbili. Ndani ya sanduku hana pa kwenda. Unyevu nao uwe asilimia 50 hadi 60, na kiangazi cha Usukuma hakiutoi bila kusaidiwa. Hewa ikikauka mno, ngozi ya zamani humng'ang'ania wakati wa kujivua, hasa machoni na kwenye ncha ya mkia. Isivutwe kwa vidole, aongezewe unyevu. Maranda kutoka kwa fundi seremala hayafai kutandikwa kabla ya kujulikana ni ya mbao gani, kwa kuwa baadhi ya mbao zina harufu na mafuta yanayodhuru mapafu.

Chakula ni panya, mkubwa mmoja kila wiki moja au mbili, mwenye unene usiozidi ule wa tumbo la nyoka. Asiwe panya wa ghalani, kwani huenda amekula sumu, na asitupiwe akiwa hai, kwa maana panya aliyebanwa huuma na majeraha yake huoza. Baada ya kula, nyoka asishikwe kwa siku mbili. Usishangae akikataa chakula kwa wiki kadhaa, au hata miezi, maadamu hapungui mwili. Lakini anayepumua mdomo wazi, mwenye mapovu puani, ni mgonjwa wa mapafu na anahitaji daktari. Hapo kuna ugumu mwingine, kwani madaktari wa mifugo wa kanda hii wamebobea zaidi katika ng'ombe na mbuzi.

Nyumba inayochomewa dhahabu yenye zebaki isiwekwe nyoka. Isilazwe mtoto pia, na hili la pili ndilo kubwa.

Kila anayemshika nyoka au kuosha chombo chake anawe kwa sabuni. Wanyama watambaao hubeba bakteria wa salmonela bila kuonesha ugonjwa, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huumia zaidi. Chombo cha nyoka kisioshewe jikoni.

Mwisho, muda. Python regius aliyetunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Mwaka 2020 jike mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai akiwa na umri unaokadiriwa kupita miaka 60. Anayefuga leo ajiulize ni nani atakayemrithi.

Aliye naye tayari

Usimwachie porini mwenyewe, hata kama ni kwa nia njema. Nyoka wa kigeni huweza kueneza kupe na magonjwa, au kuzaliana mahali pasipo pake, kama chatu wakubwa wa Afrika walivyojijenga katika eneo la Miami, Florida. Chatu wa hapa aliyezoea banda naye hurudi penye kuku na watoto. Usimuue pia: mnyama yule ni nyara, akiwa hai au amekufa.

Mfungie katika chumba kisicho na watu, ndani ya sanduku imara lenye matundu madogo ya hewa, umwekee maji, usimpe chakula. Toa taarifa kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya yako au ofisi ya karibu ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, mkiongozana na mwenyekiti wa mtaa au kijiji kama shahidi. Hatuwezi kuahidi uamuzi wa mamlaka hiyo, na mwenye wasiwasi apate kwanza ushauri wa mtoa msaada wa kisheria. Andika tarehe uliyompata, jina na namba ya simu ya aliyekuuzia, na kiasi ulicholipa. Ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu usiufute.